Koo Lililochangiwa Tala

Watu wa Tala wakikuchukia hawakutukani. Wanakusalimia vizuri, wanakuuliza habari za kazi, halafu wanakugeuzia mgongo na kuendelea na mazungumzo waliyoyakatiza ulipotokea. Kalondu Muli alisalimiwa hivyo miaka tisa mfululizo, kuanzia mwaka wa tisini na tano. Akishuka sokoni kununua ndengu, mama wa ndengu alimpimia mkebe wa gorogoro sawasawa, akaupangusa juu kwa kiganja, asimwongeze hata punje. Wateja wengine wote walipata nyongeza, hata wale wapita njia. Tusidanganyane, nyongeza ya ndengu haimshibishi mtu. Lakini mtu aliyezaliwa hapo hapo akinyimwa nyongeza, anajua kesi yake imekwisha kusikizwa na hukumu imetoka.

Kosa lake lilikuwa moja. Alikuwa amekataa kuwaimbia maiti wao.

Mwaka wa themanini na tatu Kalondu alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa. Kwaya hiyo iliongozwa na mama mmoja mkulima aitwaye Ngina, mjane aliyekuwa hajawahi kugusa piano, ila do-re-mi alizijua kuliko watoto wake. Ngina ndiye aliyemfundisha Kalondu kila kitu, kwa fimbo nyembamba ya mkalitusi na kwa uvumilivu mdogo. Mwalimu mmoja Mjerumani aliyekuja kusikiliza mashindano ya kwaya alimsikia msichana huyo, akamtafutia nafasi katika chuo cha muziki kwao. Nafasi ikapatikana. Nauli ikakosekana. Tala ikaitisha harambee.

Mwenyekiti wa harambee alikuwa Aloys Kisilu, muuza misumari na mabati, mtu mwenye mdomo wa kuuza hata kivuli chako. Siku hiyo kulinadiwa maboga, mbuzi, viondo, na jogoo mwekundu wa Wanza. Jogoo huyo aliuzwa mara nane. Kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena, mpaka mwenyewe akachoka kubebwa, akalala juu ya meza. Kufikia jioni nauli ilikuwa imetosha, na Wanza, ambaye hata wakati huo alikuwa mama wa makamo anayeogopwa, akasimama kusema neno.

"Sisi hatutaki utuletee nguo za Ulaya," akamwambia Kalondu. "Tunataka kitu kimoja. Tukifa, utuimbie."

"Nitawaimbia nyote, mwaitu," Kalondu akasema, na kwa Kikamba neno hilo ni kumwita mama yako. Alikuwa anacheka aliposema. Wao hawakucheka. Tangu siku hiyo kila mama wa upande ule alihesabu kwamba mazishi yake yameshapangwa, yamebaki tu yeye kufa.

Huko Ujerumani alisoma, akahitimu, akaajiriwa katika jumba la opera la mji mmoja mdogo wenye mvua nyingi. Aliandika barua kueleza opera ni nini: ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayezungumza, hata mtu akitaka chai anaiomba kwa kuimba. Barua ilisomwa kanisani. Wanza akauliza kama hao watu hulipwa, akaambiwa ndiyo, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Kalondu alianza nyuma kabisa, katika kundi la waimbaji wa kusimama. Akapewa sehemu za mjakazi, kisha za mpiga ramli, kisha za mjakazi tena. Halafu msimu mmoja wa baridi mwimbaji mkuu akashikwa na mafua, na Kalondu akapanda jukwaani mara mbili akiwa malkia. Gazeti likaandika. Alikata kile kipande akamtumia Ngina, naye Ngina akakitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni bila kujua kusoma hata neno moja lake.

Mwaka wa tisini na tatu ukamwota uvimbe shingoni. Rovu. Daktari alimwambia lazima likatwe, na akamweleza hatari iliyopo, na Kalondu akatia sahihi. Rovu likatoka salama. Ila kuna mshipa mdogo wa fahamu unaopita pale, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, nao ukaguswa. Sauti ya kuongea ilirudi baada ya wiki sita, nzito kidogo na yenye mkwaruzo. Ya kuimba haikurudi. Alikuwa akifungua kinywa, noti mbili za chini zinatoka, na juu yake upepo mtupu. Wenzake wa opera walimletea maua. Wakampa kazi ya kutunza mavazi stoo kwa mwaka mmoja, akawa anapiga pasi magauni waliyovaa wenzake, mpaka siku moja akaiweka pasi chini na kununua tiketi ya kurudi.

Sasa, mtu mwenye akili angefika Tala na kusema, jamani, yamenikuta haya. Wangelia naye, wangempa pole, mambo yangeisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakuwa wanatania. Lakini Kalondu aliona aibu. Alijiona kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa kijiji akawalishe, akarudi ameshika kamba. Na tena kulikuwa na kazi. Chuo kikuu kimoja cha kanisa kilikuwa kimefunguliwa nje ya mji wa Machakos, chini ya vilima, nacho kilitafuta mwalimu wa kwaya. Waliona vyeti vyake, wakaona kile kipande cha gazeti, wakampa mkataba wa miaka miwili miwili. Hakuna aliyemwomba aimbe. Nani angethubutu? Akatia sahihi, na akajiapiza kwamba hakuna atakayejua. Kwaya hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichombakia. Wakijua mwalimu wao wa kuimba haimbi, watamfukuza, na baada ya hapo angekuwa mwanamke tu aliyekula jogoo wa watu.

Msiba wa kwanza ulitokea kabla hajamaliza mwezi. Alisema koo linamuuma, na kwa namna fulani hakudanganya. Msiba wa pili akasema ana homa. Wa tatu ukakutana na mitihani ya wanafunzi. Walipofika wa tano hawakumwomba tena, walianza kusema. Wakasema anangoja alipwe kwa pesa za Wazungu. Wakasema amezoea kuimbia watu waliofunga tai, sisi wa malapa hatutoshi. Na Aloys Kisilu, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa na mshika maiki katika kila mazishi kutoka Tala mpaka Kangundo, alikuwa na sentensi yake ambayo hakuiacha.

"Hapa tungekuwa na wimbo wa binti yetu wa Ulaya," angesema huku akiangalia ratiba, "lakini naona angali Ulaya."

Watu walicheka, na Kalondu alikuwa amekaa pale pale katikati yao, ameshika mkoba. Alikwenda kwenye kila mazishi. Hilo hakuna aliyempa sifa nalo.

Chuki nayo huambukiza. Ukinyweshwa kila siku, siku moja utaanza kuipika mwenyewe. Kule chuoni Kalondu akawa mkali kiasi kwamba wanafunzi walibadilisha njia wakimwona. Kwaya yake ilikuwa na watu arobaini. Aliwalaza chali sakafuni, kila mmoja na kitabu cha nyimbo tumboni, wavute pumzi.

"Kitabu kisipopanda, huimbi, unapiga kelele," aliwaambia akiwapitia na viatu vyake. "Wewe Rodgers, hiyo besi yako ni ya mtu anayesukuma lori. Na lori lenyewe halijasonga."

Alikuwa na kile chuma cha meno mawili cha kupimia sauti. Alikigonga gotini, akakiweka sikioni mwa msichana mmoja wa sauti ya kwanza aitwaye Carol, naye Carol ndiye aliyewapa wengine sauti ya kuanzia. Kwa hiyo wakambandika jina, Madam Uma. Viongozi wengine wa kwaya huimba mstari kwanza, wanafunzi wakafuata. Madam Uma hakuimba hata nusu mstari. Alichora wimbo hewani kwa mkono, alipiga meza, alitukana, alinyamaza dakika nzima akiwakodolea macho mpaka mwenye kosa akajitambua.

"Kuimba ni kazi yenu," alizoea kusema. "Kazi yangu ni kusikia."

Na alisikia, wee. Akiwa amewapa mgongo alijua ni nani kati ya arobaini ameshuka robo ya noti. Kwaya ile ilishinda mashindano ya taifa mara tatu, na wanafunzi wakaanza kumchukia kwa heshima.

Aliyemchukia bila heshima alikuwa Mike, mwenyekiti wa kwaya, sauti ya tatu, kijana mwenye kipaji na anayejijua. Siku moja mwaka wa elfu mbili na tatu walikuwa wamerudia mstari mmoja mara kumi na tano, na bado Madam anatikisa kichwa. Mike akainua mkono.

"Madam, si utuimbie tu huo mstari mara moja? Tusikie vile unataka."

Wenzake hawakumgeukia kumshangaa. Ilikuwa wazi kwamba walikuwa wamepanga.

"Mike," Kalondu akasema, "mama yako alipokufundisha kutema chakula kibaya, alikitafuna kwanza?"

Walicheka kwa sababu waliogopa. Mike hakucheka. "Mimi nimeuliza tu, Madam. Miaka mitatu hatujawahi kukusikia. Watu wanasema..."

"Toka nje."

"Watu wanasema labda..."

"Toka. Wiki mbili nisikuone."

Alitoka. Na Kalondu akaendelea na mazoezi, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, na kwa mara ya kwanza kwaya iliimba ikiwa haiongozwi na mtu. Mike aliandika barua kwa wakuu wa chuo akisema mwalimu huyu hufundisha kama askari wa barabarani. Barua iliwekwa faili. Lakini Kalondu alijua faili hufunguliwa mkataba ukiisha, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na mbili mwaka uliofuata.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwomba wimbo, naye ni Ngina. Ndiyo maana Kalondu alimkwepa kuliko wote. Alimtembelea Krismasi na Pasaka, akamwachia sukari, akasema ana haraka. Mwezi wa sita mwaka wa elfu mbili na nne alisikia miguu ya mama yule imevimba na hatembei tena, akaenda. Ngina alikuwa ameketi kitini mlangoni, macho yameingia ukungu. Hakuongea sana. Alimwacha Kalondu aeleze habari za chuo, mashindano, vikombe, naye akasikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, jinsi alivyozoea kuwasikiliza kwaya.

"Siku hizi unapumua mapema," akasema mwishowe. "Kabla sentensi haijaisha."

"Ni uzee, mwaitu."

"Mimi ndiyo niko na uzee. Wewe uko na kitu kingine."

Kalondu akaangalia saa yake. Akasema ana kikao Machakos. Kikao hakikuwepo, na Ngina, ambaye masikio yake hayakuwa na ukungu, alimwambia nenda salama na hakumwangalia alipotoka.

Alikufa mwezi wa nane. Binti yake Nzilani, mwalimu wa shule ya msingi, alipiga simu. Hakusalimia.

"Mama alisema uimbe ule wimbo wa kwanza aliokufundisha. Wewe mwenyewe. Akasema kwaya yako usiilete."

"Alisema hivyo?"

"Alirudia mara mbili. Ijumaa, saa nne."

Siku tatu Kalondu hakula vizuri. Alifikiria homa, akaona aibu hata ya kufikiria homa. Mwishowe akafanya lile aliloambiwa asilifanye. Aliwafundisha wanafunzi ule wimbo, wimbo mfupi wa Kikamba wa beti nne ambao Ngina aliutunga mwenyewe, akawavalisha majoho ya buluu, akaomba basi la chuo. Alisema moyoni kwamba hiyo ni heshima kubwa kuliko mtu mmoja. Tusidanganyane tena: alitaka watu arobaini wa kujificha nyuma yao.

Basi liliposimama kwenye boma la Ngina, Nzilani alikuwa ameshafika mlangoni mwa basi kabla dereva hajazima injini.

"Nilikuambia usiwalete."

"Nimekuja nao, Nzilani. Ni heshima niliyo nayo."

"Mama hakutaka heshima yako. Alitaka wewe." Akageuka akaenda zake kuketi karibu na jeneza.

Mahema yalijaa. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya choo, na Aloys ameshika maiki. Wanza, sasa bikizee wa fimbo ambaye watoto wa hapo humwita Susu, yaani nyanya, alikaa kiti cha mbele kabisa. Ilipofika zamu yao Kalondu akawapanga wanafunzi kwa sauti zao nne, akagonga chuma gotini, akakipeleka sikioni mwa Carol.

"Ngoja kidogo, Madam," Aloys akasema ndani ya maiki.

Kalondu akashusha mkono.

"Hawa vijana tunawashukuru. Wamependeza, watapewa chai na mandazi. Lakini sisi wa Tala tuko na kumbukumbu. Jogoo wa Susu Wanza hakuuzwa mara nane kwa ajili yao." Kikatokea kicheko, na hakikuwa kicheko kizuri. "Miaka tisa tumezika watu wetu, na wewe umekaa hapo kama mgeni. Leo ni aliyekufundisha. Ama huyu naye hatoshi?"

Kutoka kwenye mahema watu wakaitikia, hatoshi, hatoshi, wengine wakagonga viti. Mama wa ndengu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine mioyo yao ilibaki uwanja wa ndege. Aloys akamtia Kalondu maiki mkononi na kurudi nyuma hatua mbili, amekunja mikono kifuani.

Kalondu aliangalia basi. Aliangalia wanafunzi wake, na katika safu ya tatu akamwona Mike, anamtazama bila kupepesa, kama mtu ambaye hatimaye atajibiwa swali lake. Alijua kabisa kinachofuata. Mkataba, barua kwenye faili, jina la Madam Uma likichekwa bwenini. Kisha akaliona jeneza, dogo, Ngina hakuwa mtu mkubwa, akakumbuka maneno yale yaliyorudiwa mara mbili. Wewe mwenyewe. Usiilete. Yule mama alikuwa amejua, na alikuwa ameamua kwamba mchezo huu uishie juu ya kaburi lake. Kalondu alimkasirikia marehemu kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu aliye hai.

Akamrudishia Aloys maiki. Ilikuwa mazoea tu, watu wa opera hawashiki maiki, lakini wengi waliona maringo na wakaguna. Akagonga chuma, akakiweka sikioni mwake mwenyewe. Akaimba.

Noti mbili za kwanza zilitoka. Ya tatu ikavunjika, na juu yake hapakuwa na sauti, kulikuwa na upepo na mkwaruzo, kama mlango usiopakwa mafuta. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Carol, kwa huruma au kwa aibu, akaanza kumsaidia chini chini, na wenzake wawili wakamfuata. Kalondu akainua ngumi, ishara yake ya kunyamaza, nao wakanyamaza papo hapo kama alivyowafundisha. Akaendelea peke yake. Kila pumzi aliivuta mahali pake. Maneno yalisikika, noti hazikusikika. Aliimba beti zote nne, hakuruka hata neno moja, na mshipa wa shingo ulimsimama karibu na lile kovu ambalo kwa miaka tisa alilifunika kwa skafu.

Alipomaliza, Aloys alifungua ratiba, akaigeuza, akaifunga. "Sasa," akasema, "ratiba inasema," na hakusema inasema nini. Wanza tu ndiye aliyeongea, tena si kwa nguvu.

"Kumbe," akasema.

Walizika. Hakuna aliyemsogelea Kalondu, hata wa kumsalimia kile kisalamu cha Tala. Aliingia kwenye basi wa kwanza. Njiani Mike alisimama kutoka nyuma, akaja akashika chuma cha kiti chake.

"Madam, ile siku..."

"Keti, Mike."

"Ndiyo, Madam."

Wiki iliyofuata chuo kizima kilijua. Mkuu wa idara alimwita, akamwambia kwa upole sana kwamba wataongea mkataba ukikaribia, na Kalondu alikuwa ameishi na watu wa kutosha kujua upole wa namna hiyo huishia wapi. Jumamosi asubuhi aliketi mezani nyumbani kwake, katika nyumba ndogo za walimu, akaandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa anatafuta bahasha aliposikia pikapu ikisimama nje.

Walikuwa akina mama kumi na mmoja. Wanza alikuwa ameketishwa mbele pamoja na dereva, wengine nyuma, na kati yao magunia. Nzilani alikuwepo, na mama wa ndengu pia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitabasamu. Kalondu akajua wamekuja kumpigia kelele mbele ya majirani, akafungua mlango ili yaishe.

Waliingia bila kukaribishwa. Wakaweka chini unga, sukari, majani ya chai, vitunguu, ndengu, na mzigo wa kuni, kuni kabisa, kwenye nyumba yenye jiko la gesi. Ni vitu ambavyo akina mama wa Tala hubeba wakienda kukaa na mtu aliyefiwa. Kalondu alivitazama na hakuelewa. Hakuwa amefiwa na mtu wa nyumbani kwake.

Wanza alichukua kiti pekee kizuri. Akaweka fimbo magotini.

"Ilikufa lini?"

"Nani, Susu?"

"Sauti."

Kalondu akagusa kovu. "Mwezi wa kumi na moja. Tisini na tatu. Walinikata rovu."

"Ulilia na nani?"

"Peke yangu."

"Hao Wazungu hawakuja?"

"Walileta maua."

Wanza akawageukia wenzake. "Maua," akawaambia, kana kwamba ni neno la matusi, na mmoja wao akasonya. Kisha akamrudia Kalondu, na sauti ikapanda.

"Hilo koo tulilichangia sisi. Mimi nilitoa jogoo. Huyu alitoa kiondo alichokisuka mwaka mzima. Lilikuwa koo letu. Likifa, msiba ni wetu, tukae chini, tulie, tupike. Wewe ukaenda ukalizika peke yako kama mtu anayezika mbwa. Halafu ukarudi ukaketi kwenye mazishi yetu na mkoba. Miaka tisa tumekuchukia, na chuki ni kazi, mtoto huyu, mimi ni mzee, imenichosha. Kumbe ni bure."

"Niliona aibu, Susu."

"Aibu ya nini? Uliliuza?"

"Hapana."

"Basi." Wanza alipumua. "Na usifikiri tumekusamehe. Hatujakusamehe. Ngina amekufa akikungoja umwambie, na hilo ni lako, utalibeba. Tumekuja kwa sababu kuna msiba, na msiba hauachwi eti mwenyewe ni mjinga. Hiyo karatasi ni nini?"

"Barua. Ninaacha kazi. Mwalimu wa kwaya asiye na sauti..."

"Na masikio? Yalikufa pia?"

Kalondu akaiangalia barua mezani.

"Nimekuuliza."

"Hapana, Susu. Masikio yapo."

"Ile siku kwa Ngina uliinua mkono, watoto arobaini wakanyamaza. Mimi nyumbani nina wajukuu sita, hata mmoja hanyamazi. Leta sufuria kubwa."

Hakuwa na sufuria kubwa, alikuwa mtu wa kujipikia peke yake. Mama wa ndengu alisema alijua tu, na Nzilani, bado hajamwangalia usoni, akatoka kuleta yao kwenye pikapu. Walikoka moto wa kuni nje ya mlango, penye maua ya chuo, kitu ambacho hakiruhusiwi. Mmoja akaja ndani kutafuta karatasi ya kuwashia, akaikuta ile barua mezani, akamwuliza Kalondu kwa macho. Kalondu akageuka kutafuta kisu, na yule mama akaenda nayo.

Alipokaa chini katikati yao, kwenye mkeka, kisu na vitunguu mkononi, ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa ile sauti iliyobaki, mbaya, ya upepo na mkwaruzo, bila kuifunika. Mama mmoja wa pembeni akanyoosha mkono ili amnyamazishe.

"Mwache," Wanza akasema. "Amechelewa miaka kumi na moja."

Na wote wakaendelea kumenya vitunguu.